Utamu wa Uanagenzi

Ndugu Mwenyekiti, wageni waalikwa, wazee wetu, na nyote mliokubali kuitoa jioni yenu kwa ajili ya mazungumzo haya: nashukuru kwa heshima ya kupewa nafasi hii. Nimeombwa nizungumze juu ya hobi, na hasa juu ya kipindi kile cha mwanzo ambacho mtu mzima hujikuta hajui kitu mbele ya jambo alilolichagua kwa hiari yake. Kwa kawaida kipindi hicho huzungumzwa kama taabu ya kuvumiliwa. Anayejifunza kupiga gita tunamwambia asikate tamaa, kwamba vidole vitazoea, kwamba siku moja atapiga vizuri na ndipo atakapoanza kufurahi. Nia yetu huwa njema, lakini ushauri huo una kasoro, kwa sababu unaiahirisha furaha na kuifanya kuwa malipo ya umahiri. Ninachotaka kukitetea mbele yenu ni kwamba uanagenzi una furaha zake, tena furaha ambazo mahiri hawezi kuzipata upya katika fani ileile, na kwamba anayekipita kipindi hicho mbio huku ameinamisha kichwa anakosa sehemu bora ya hobi yake.

Niseme mapema kwamba sizungumzii kazi zenye dhamana. Mwanafunzi wa udaktari na rubani anayejifunza wana wajibu wa kuutoka uanagenzi kwa bidii yote, maana uhai wa watu wengine utakuwa mikononi mwao. Hobi haina deni hilo. Mtu akichora kikombe kikatoka kimepinda, hakuna anayeumia, hakuna anayefutwa kazi, wala hakuna anayedai arudishiwe chochote. Uhuru huo ni mkubwa kuliko tunavyoutambua, na karibu yote nitakayoyasema yanautegemea.

Naomba tukitazame kikombe hicho kwa makini. Mpe mtu mzima ambaye hajawahi kujifunza kuchora penseli na karatasi, weka kikombe mezani mbele yake, kisha umwombe akichore. Mara nyingi mdomo wa kikombe atauchora kama duara lililobonyezwa kidogo, kwa sababu anajua kwamba mdomo wa kikombe ni duara. Na kitako atakichora kwa mstari ulionyooka kabisa, kwa sababu anajua kwamba kikombe kimekaa juu ya meza iliyo bapa. Akimaliza ataona kuna kitu hakikukaa sawa, ila hataweza kusema ni kipi. Alichokichora ni mambo anayoyajua kuhusu vikombe. Kikombe kilichokuwa mbele yake hakukitazama.

Sasa mwambie ainame mpaka macho yake yawe usawa mmoja na ukingo wa kikombe, na atauona mdomo ule umekuwa mstari. Ainuke polepole, atauona mstari ukifunguka na kuwa umbo la yai jembamba, kisha yai nene zaidi, mpaka atakapokitazama kikombe kutoka juu kabisa na kuliona duara lenyewe. Arudi kukaa, akitazame kitako. Kwa kuwa kitako kiko chini zaidi ya usawa wa macho yake kuliko mdomo, mviringo wake umefunguka zaidi kuliko ule wa juu, na upande wake wa mbele unapinda waziwazi; ule mstari ulionyooka alioukaza kwenye karatasi haupo popote. Mtu huyu amekunywa kwa vikombe tangu utoto wake na hajawahi kuliona jambo hilo. Ndani ya dakika chache amelifahamu, na kuanzia hapo hawezi tena kuacha kuliona: ataliona kwenye ndoo, kwenye sufuria, kwenye matairi ya gari lililoegeshwa kando ya barabara, kwenye kofia ya mtu aliyeketi mbele yake katika basi.

Furaha inayompata wakati huo haitokani na mchoro, kwa maana mchoro wake bado ni dhaifu. Inatokana na kwamba vitu alivyovizoea vimekuwa na mengi zaidi ya kutazamwa. Na hapa ndipo nilipotaka mzingatie: mchoraji aliyebobea hawezi kuipata tena furaha hiyo kutoka kwenye kikombe. Anazo furaha nyingine, pengine zenye kina zaidi, lakini mlango huo ameshaupita, nao hupitwa mara moja tu.

Sababu ya jambo hilo imeelezwa vizuri na wanasaikolojia wa Marekani Paul Fitts na Michael Posner, ambao mwaka 1967 waligawa safari ya kujifunza stadi za mwili katika hatua tatu. Katika hatua ya kwanza mtu hufikiri kila tendo kabla ya kulitenda, na mara nyingi hujisemea maneno kichwani: kidole hiki hapa, kile pale, sasa gusa. Katika hatua ya pili makosa hupungua na matendo yaliyokuwa mbalimbali huanza kuungana. Katika hatua ya tatu tendo hujiendesha lenyewe, na akili hubaki huru kufanya jambo jingine. Bila hatua hiyo ya tatu tusingeweza kutembea huku tunazungumza. Hata hivyo ina gharama ambayo husemwa mara chache, nayo ni kwamba kinachojiendesha hakitazamwi tena. Mfumaji hodari vidole vyake vinakwenda huku anaongea na wenzake, na sweta inakua mapajani mwake bila yeye kuiangalia. Mwanagenzi aliyeketi kando yake anaangalia kila kitanzi. Anahisi uzi unavyokaza ukizungushwa mara mbili kidoleni na unavyolegea ukizungushwa mara moja. Anaona jinsi sindano inavyoingia ndani ya kitanzi cha zamani, inavyouchukua uzi na kuuvuta upite, na jinsi kitanzi cha zamani kinavyoachiwa kikaning'inia kwenye kipya. Kisha, akiwa ameshapanda mistari kadhaa, anatambua kwamba kitambaa chote alichokishika ni uzi mmoja uliojipenya wenyewe, na kwamba akiuvuta ncha yake baada ya kutoa sindano, chote kitafumuka na kurudi kuwa uzi. Mfumaji hodari analijua hilo vizuri kuliko yeye. Mwanagenzi ndiye anayeshangaa.

Furaha nyingine ya kipindi hiki ni ukubwa wa hatua zinazopigwa. Tumezoea kusema kwamba mwanzo ni mgumu, na ni kweli, lakini ugumu huo hutufanya tusahau kwamba mwanzo ndio wakati ambao juhudi ndogo hulipa zaidi. Mtu ambaye wiki iliyopita alizama alipojaribu kuelea, na leo analala chali juu ya maji na kuyaona mawingu, amevuka umbali mkubwa kuliko muogeleaji wa mashindano ambaye amefanya mazoezi mwaka mzima ili apunguze sehemu ya sekunde. Nawaheshimu sana watu wa sehemu za sekunde, kwa kuwa subira yao ni ya ajabu. Ila sioni kwa nini huyu wa kwanza aione siku yake kuwa ndogo.

Hata ubongo unaelekea kuupa mwanzo uzito. Mwaka 2004 Bogdan Draganski na watafiti wenzake nchini Ujerumani walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya uchunguzi wa watu waliojifunza kurusha na kudaka mipira mitatu kwa zamu bila kuiangusha. Watu hao hawakuwa na ujuzi huo kabla. Walijifunza kwa miezi mitatu, na picha za ubongo zilizopigwa kabla na baada ya hapo zilionyesha ongezeko la tishu ya kijivu katika maeneo yanayohusika na kufuatilia vitu vinavyokwenda. Walipokaa miezi mitatu mingine bila mazoezi, ongezeko hilo lilipungua. Uchunguzi mwingine wa mchezo huohuo, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta mabadiliko baada ya siku 7 tu za mazoezi, na waliouandika wakaeleza kwamba kujifunza jambo jipya kunaelekea kuwa na nguvu zaidi katika kuubadilisha ubongo kuliko kuendelea kulirudia jambo ambalo mtu ameshaliweza. Waliopimwa hawakuwa wengi, na singependa kuutwika uchunguzi huo mzigo usioweza kuubeba. Lakini unakubaliana na anachokihisi kila mwanagenzi anayefika nyumbani akiwa amechoka kichwa kuliko mwili, hali alikuwa anarusha mipira tu.

Yapo pia majuma ambayo hakuna kinachosogea. William Bryan na Noble Harter, waliowachunguza watu waliokuwa wakijifunza kazi ya telegrafu, yaani kupeleka ujumbe kwa milio kupitia waya, huko Marekani, waliandika mwaka 1897 kwamba uwezo wa kupokea ujumbe kwa sikio ulipanda, ukasimama mahali pamoja kwa muda mrefu ijapokuwa mazoezi yaliendelea, kisha ukapanda tena. Anayelijua hilo hatashtuka likimpata. Mimi huwashauri watu wautumie wakati huo kuchezacheza: mpiga gita aache wimbo anaouhangaikia na atafute sauti tu, mchoraji achore kwa mkono asiouzoea, mfumaji afume kipande kisichokusudiwa kuwa nguo.

Nije kwenye aibu, maana naamini ndiyo inayowaondoa watu wengi zaidi kuliko ugumu wa fani yenyewe. Mtoto akianguka kwenye baiskeli hulia kwa maumivu. Mtu mzima akianguka hutazama kwanza ni nani aliyemwona. Tumeishi miaka mingi tukiheshimiwa kwa yale tunayoyaweza, na ghafla tunasimama mbele ya watu tukiwa hatuyawezi. Winston Churchill alipoondolewa katika uongozi wa jeshi la majini la Uingereza mwaka 1915, akiwa na umri wa miaka 40, aligeukia kupaka rangi ili aitulize nafsi yake. Siasa zake tuziache kando. Kilichonivutia ni jinsi alivyoanza. Ameeleza mwenyewe kwamba alisimama mbele ya turubai jeupe akiwa na vifaa vyote, akashindwa kuligusa, na hatimaye akaweka kwa woga doa la buluu lenye ukubwa wa punje ya haragwe. Mtu huyu alikuwa amekwisha kupigana vitani na kuhutubia bunge, lakini kitambaa kilichowambwa juu ya mbao kilimtisha. Ikasimama gari, akashuka Hazel Lavery, mchoraji aliyekuwa mke wa mchoraji mwingine, John Lavery. Akaomba brashi, akachagua ile kubwa, akaichovya kwenye rangi na kupiga mapigo mapana, ya nguvu, juu ya turubai lililokuwa limeogopwa kiasi kile. Turubai halikufanya lolote. Churchill akaishika brashi ile naye akaendelea, na aliendelea kupaka rangi kwa zaidi ya miaka 40, akaacha picha zaidi ya 500.

Alichopewa na mgeni wake hakikuwa ujuzi, kwa sababu hakuna ujuzi unaoweza kuhamishwa kwa mapigo machache ya brashi. Alipewa ruhusa ya kuharibu. Kwa hiyo, ndugu zangu, karatasi yako ya kwanza iharibu kwa makusudi. Daftari jipya la michoro lianze kwa mistari isiyo na maana. Udongo wa kwanza wa kufinyanga ukande, uuinue, uubomoe, uuinue tena, bila nia ya kupata chombo. Kitu kikishaharibika, mkono huacha kutetemeka.

Aibu ya siku hizi ina sura nyingine ambayo kina Churchill hawakuijua. Zamani anayejifunza gita alijilinganisha na wapigaji wachache aliowasikia karibu naye. Leo, kabla vidole vyake havijaota sugu, ameshawatazama kwenye simu wapigaji bora wa dunia nzima, na kila video imekatwa ili yaliyoharibika yasionekane. Nakiri kwamba video hizo zinafundisha mengi, na wako watu wasio na mwalimu mwingine. Hata hivyo ningeomba miezi ya mwanzo iwe na faragha. Si lazima kila mchoro uonyeshwe. Mtafute mtu mmoja, au wawili, ambao watakufurahia kwa dhati ukiwaonyesha kazi mbovu, na wengine wote wasubiri. Kazi inayofanywa kwa ajili ya kuonyeshwa huanza mapema mno kuogopa macho ya watu, na mwanagenzi aliyeingiwa na woga huo hurudia yale machache anayoyaweza, akaacha kujaribu asiyoyaweza, kumbe utamu wote tuliouzungumza uko upande huo wa pili.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Wahenga walishasema kwamba mchagua jembe si mkulima. Penseli moja na karatasi za kawaida zinatosha kabisa kwa somo la kikombe, na anayetumia wiki tatu kusoma maoni ya watu kuhusu aina za penseli amezitoa wiki hizo kwenye hobi ya ununuzi.

Juu ya walimu ningependa kukaa kidogo, kwa sababu katika hobi hutokea jambo ambalo ni nadra kulipata kwingine: mwenye mvi anafundishwa na kijana. Mkuu wa idara anayesikilizwa kutwa nzima anaketi jioni mbele ya msichana wa miaka ishirini anayemwambia kwamba kiwiko chake kimekaa vibaya, naye anakirekebisha. Nimewaona watu waliolemewa na vyeo vyao wakipumua katika vyumba vya namna hiyo. Hawatarajiwi kuwa na jibu. Wanaweza kuuliza swali la kitoto kabisa, na mwalimu akalifurahia. Mzazi aliyetoka kwenye somo la aina hii akafika nyumbani na kumkuta mwanawe anahangaika na hesabu, humkaribia kwa namna nyingine, maana saa moja iliyopita yeye mwenyewe alikuwa haelewi, na anakumbuka kilichomsaidia na kilichomuumiza. Sijui njia nyingine inayowarudishia watu wazima kumbukumbu hiyo kwa wepisi kama huo.

Wapo hapa watakaosema kwamba yote haya yanawafaa vijana na kwamba wao wamechelewa. Nawaomba mumpe nafasi Mary Delany, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1700. Akiwa na umri wa miaka 72, mjane, aliona jinsi rangi ya kipande cha karatasi nyekundu ilivyofanana na ya ua lililokuwa mbele yake. Akachukua mkasi, akakata petali moja moja, akazibandika juu ya karatasi nyeusi, na ua likatokea. Alikuwa ameshajua kudarizi na kuchora, lakini kazi ya namna hiyo hakuwahi kuifanya. Katika miaka kama kumi iliyofuata, kabla macho yake hayajadhoofika, alitengeneza maua zaidi ya 900 kwa njia hiyo, na leo yamehifadhiwa katika Makumbusho ya Uingereza jijini London. Simtaji ili mtu yeyote ajipangie maua 900. Namtaja kwa sababu ya lile ua la kwanza, lililoanza kwa mtu wa miaka 72 kutazama karatasi na kuona kitu ambacho hakuwa amekitafuta.

Nimeulizwa mara nyingi kama si vibaya mtu kuianza hobi na kuiacha, kisha akaanza nyingine. Kwa maoni yangu si vibaya. Aliyejifunza kufuma kwa majira mamoja kisha akaacha ataitazama sweta kwa macho mengine siku zote, na aliyejaribu gita kwa mwaka mmoja ataisikia mikono ya mpigaji ndani ya wimbo ambao awali aliusikia kama sauti tu. Tahadhari yangu ni moja: asiache katika yale majuma ambayo hakuna kinachosogea, kwa sababu hapo hajui anaacha nini. Asubiri mpaka kitu kisogee tena, ndipo aamue.

Na kwa anayeendelea, ninalo ombi la vitendo. Weka daftari, na kila baada ya mazoezi andika jambo moja ulilolitambua siku hiyo na tarehe yake: kwamba kitako cha kikombe kimepinda kuliko mdomo, kwamba uzi wa gita hukoroma kidole kikikaa mbali na kipande cha chuma kilichokatiza shingo ya gita. Andika hata kama linaonekana dogo, hasa likionekana dogo. Baada ya mwaka hutaweza kukumbuka kwamba uliwahi kutolijua, na siku utakapoombwa kumfundisha mwingine utahitaji kujua mtu asiyejua anaona nini. Picha za mwanzo nazo usizitupe. Ziandike tarehe nyuma, uziweke bapa mahali pakavu.

Nimeyamaliza niliyokuja nayo, na Mwenyekiti ameniambia kwamba muda wa maswali upo. Ningefurahi zaidi kuwasikia kwanza wale walioanza jambo jipya mwaka huu, watueleze walichokiona. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.